Kwa mwalimu mgeni wa fizikia: usianze na F = ma

Ukiandika F = ma ubaoni dakika ya kwanza, yaani kani (msukumo au mvuto) ni sawa na tungamo (wingi wa maada) mara mchapuko (badiliko la mwendo kwa kila sekunde), utapata wanafunzi hodari wa kuzidisha. Watamaliza maswali yote ya zoezi, kisha uwaulize moja lisilo na hesabu: gari linakwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara nyoofu, kasi haipandi wala haishuki, jumla ya kani juu yake ni kiasi gani? Wengi watasema ni kubwa, na inaelekea mbele. Kumbe ni sifuri, maana msukumo wa mbele umelingana na msuguano na ukinzani wa hewa.

Hapo ndipo ilipo kazi yako. Mwanafunzi amekuja akiamini kwamba kani huleta mwendo, na kitu kikisimama ni kwa kuwa kani imekwisha. Newton, katika kanuni alizochapisha mwaka 1687, aliifunga kani na badiliko la mwendo, na imani ya zamani haing'oki kwa kukaririshwa. Waulize pia kuhusu mpira uliorushwa wima: ukifika kileleni, mchapuko wake ni kiasi gani? Kasi ni sifuri kweli, lakini mchapuko ungali mita 9.8 kwa sekunde mraba, kuelekea chini. Waache wabishane kwanza. Ukiwahi kutoa jibu, watalinakili tu.

Kwenye michoro ya kani nina sheria moja: kila mshale utajiwe kitu kinachovuta au kusukuma. Asiyeweza kukitaja, aufute. "Kani ya mwendo" hufutwa hivyo bila hotuba.

Jaribio la kigari kinachovutwa na uzi uliopita kwenye kapi, na mzigo ukining'inia mwishoni, lina mtego ambao miongozo mingi huupita haraka. Kinachochapuka ni kigari pamoja na mzigo. Tuseme kigari na vyuma vilivyomo ni kilo 0.9, na mzigo ni kilo 0.1. Kani ni nyutoni 0.98, tungamo lote ni kilo 1, mchapuko ni mita 0.98 kwa sekunde mraba. Sasa ukitaka kuongeza kani maradufu, usichukue chuma kipya kabatini. Hamisha kilo 0.1 kutoka kwenye kigari uitundike. Tungamo linabaki kilo 1, mchapuko unakuwa 1.96. Ukiongeza kipya, utapata kama 1.78, na mwanafunzi makini atakuuliza mbona haukuwa maradufu. (Huyo mpongeze.) Kabla ya hayo yote, inua upande mmoja wa ubao ambao kigari kinapita juu yake kidogo kidogo mpaka kigari kikisukumwa kiteremke kwa kasi isiyobadilika, ili mteremko ufidie msuguano. Usipofanya hivyo, mstari wa grafu ya mchapuko dhidi ya kani hautapita kwenye sifuri.

Kwenye vizio vya vipimo situmii muda mwingi. Nyutoni moja huchapusha kilo moja kwa mita moja kwa sekunde mraba, basi.

Mwishoni lete swali la vitu kuanguka. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, vikatua pamoja. Darasa lieleze sababu kwa kutumia kanuni: kitu chenye tungamo mara kumi huvutwa kwa kani mara kumi, lakini pia ni kigumu mara kumi kukichapusha.