Parvo imemuua mtoto wa mbwa. Tulete mwingine lini?

SWALI: Shikamoo daktari. Tulichukua mtoto wa mbwa wa miezi miwili kwenye makao ya mbwa waliookotwa mtaani. Siku ya tano aligoma kula, akatapika, akaharisha damu. Kliniki walisema ni parvo, na kesho yake akafa. Kadi inaonyesha alichanjwa mara moja. Tulikosea wapi? Watoto wanalia, wanataka mwingine.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, na poleni nyote. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, huchukua siku 3 hadi 7 tangu kuambukizwa mpaka dalili, na pengine hadi 14. Aliyeanza kuumwa siku ya tano huenda alifika kwenu akiwa nayo tayari. Msijilaumu, na makao nayo msiyahukumu haraka: mbwa wa kuokotwa haji na historia yake.

Chanjo moja haitoshi. Kinga anayoipata mtoto kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake huizima chanjo, na kwa kila mtoto huisha kwa wakati wake. Ndiyo maana tunaanza wiki ya 6 hadi 8, tunarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho haitolewi kabla ya wiki ya 16. Wengi huishia ya pili ili kuokoa hela. Parvo hupita hapo hapo.

Sasa nyumba. Dawa za sakafuni zenye harufu nzuri nyingi haziviui virusi hivi. Jiki inaviua, ila uchafu huimaliza nguvu, kwa hiyo sugua kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake jiki. Soma lebo: ikiwa ni asilimia 5, changanya kikombe 1 na vikombe 30 vya maji, ikiwa ni 3.5, vikombe 20. Iache sakafu ikiwa imelowa kwa dakika 10 kamili. Hapa ndipo watu huharibu, wanapiga deki na kukausha papo hapo. Changanya upya kila siku, na usichanganye na dawa nyingine. Blanketi na mkanda wake, choma.

Udongoni jiki haifui dafu. Okoteni kinyesi chote, fyekeni majani jua lipige. Penye kivuli na unyevu virusi hukaa mwaka na zaidi.

Kwa hiyo msilete kitoto kingine mwaka huu. Chukueni mbwa mzima aliyekamilisha chanjo; huyo mnaweza kumleta mkishamaliza usafi. Makao yamejaa mbwa wa miaka miwili, mitatu, ambao watu huwapita wakikimbilia vitoto, na kwa maoni yangu ndio wanaofaa zaidi nyumba yenye watoto: tabia yake unaiona kabla hujamchukua.

Watoto waambieni "amekufa". Ukisema amelala, mdogo ataogopa kulala. Ukisema amesafiri, atamsubiri getini. Parvo ya mbwa haiambukizi watu, lakini viatu vyenu vinaweza kuipeleka kwa mbwa wa jirani, basi navyo vipitisheni kwenye jiki.

Na leo hii wapigieni simu makao. Waliolala naye banda moja wako hatarini, na anayewahiwa dripu mapema ana nafasi nzuri ya kupona.