Kwa Anayekwenda Kusoma Chuo cha Weusi Marekani: Niliyoyapata Tuskegee

Wadogo zangu wengi wanaoniuliza kuhusu masomo ya Marekani huja na orodha ya vyuo, na mara nyingi orodha hiyo haina hata chuo kimoja cha Wamarekani Weusi. Nikiwauliza sababu, wapo wanaosema hawakujua kama vipo. Wapo pia wanaosema, tena kwa kusitasita, kwamba mjomba au shangazi aliyeko huko amewaonya: wewe nenda kasome, ila Weusi wa kule kaa nao mbali. Onyo hilohilo nilipewa mimi kabla sijaondoka Shinyanga. Nikaenda Tuskegee, Alabama, kusomea sayansi ya chakula na lishe, na leo nakwambia wazi: lipuuze kabisa.

Vyuo hivi viko takribani 100, na vingi vilianzishwa wakati milango ya vyuo vingine imefungwa mbele ya Mweusi. Wakubwa zetu walivijua zamani. Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria walisoma Lincoln, Pennsylvania. Hastings Banda wa Malawi alihitimu udaktari Meharry, Nashville, mwaka 1937. Mbiyu Koinange wa Kenya alipitia Hampton, Virginia, miaka ya 1920. Na yule James Aggrey ambaye Kariakoo kuna mtaa wenye jina lake, mtu wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alihitimu Livingstone, North Carolina, mwaka 1902, kisha mwaka 1924 akapita Afrika Mashariki na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Wangapi tunanunua vitu mtaa huo kila wiki bila kujua alisomea wapi?

Tuanze na pesa, maana ndiko safari nyingi zinakokwamia. Mikopo na misaada ya serikali ya Marekani wanayopata wanafunzi wenyeji, wewe wa F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, huipati. Ufadhili wako utatoka chuoni kwenyewe au kwa mfadhili wa nje, kwa hiyo usiishie kujaza fomu. Mwandikie mkuu wa idara unayoitaka, mweleze unataka kusoma nini na kwa nini, muulize kama kuna nafasi ya msaidizi wa utafiti. Anayetaka kilimo, mifugo au lishe aanze na vyuo 19 vinavyoitwa vyuo vya 1890, kwa mwaka wa sheria iliyoyalazimisha majimbo ama kuwapokea Weusi katika vyuo vyao vya kilimo au kuwatengea vyao. Florida A&M, North Carolina A&T na Alabama A&M vimo. Tuskegee, ingawa ni chuo binafsi, nayo huhesabiwa humo. Omba zaidi ya kimoja. Kuna chuo nilichoomba ambacho hakikunijibu mpaka muhula ulipoanza. Fomu yako ya I-20, ile ambayo chuo hukupa ili uombee viza, itunze kama pasipoti. Na kazi utakayoruhusiwa kufanya, ukiacha mafunzo ya vitendo yenye kibali, ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo usipige hesabu ya kulipa ada kwa vibarua.

Hayo utayapata popote. Ninalotaka hasa kukwambia ni hili: chuo cha Weusi hakimpi mtu vyote kilivyonavyo akikaa kama mgeni aliyekuja kuchukua cheti na kuondoka. Kitampa masomo, ndiyo. Mengine yote yako kwa watu wake na katika historia yake, na kuyapata ni lazima uingie ndani.

Tuskegee ni mji mdogo. Ukitua Atlanta, una mwendo wa kama saa mbili za barabara kabla hujafika, na joto la Agosti ni la Dar iliyonyang'anywa upepo wa bahari. Usitarajie daladala. Mwenye gari ni ndugu wa kila mtu, na hili kwangu lilikuwa baraka, kwa sababu lilinilazimisha kuomba lifti, na kwenye lifti ndiko nilikowajua watu.

Wiki zako za kwanza, kabla vitabu havijakulemea, zunguka chuo kwa miguu uyatazame matofali. Majengo ya zamani yalijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa na wanafunzi wenyewe. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alifungua shule hii tarehe 4 Julai 1881 akiwa na wanafunzi 30, na jimbo lilikuwa limetoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara tu: ardhi hakuna, majengo hakuna. Akakopa, akanunua shamba lililokuwa la mabwana wa watumwa. Matanuru matatu ya kwanza ya matofali yalishindikana. Pesa ilipokwisha aliweka rehani saa yake kwa dola 15 ili walijaribu la nne, nalo likakubali. Ukigusa ukuta wa namna hiyo, huku kijijini kwenu shule ilijengwa na wazazi waliojitolea kufyatua tofali, huhitaji mtu wa kukueleza kwamba hapa si ugenini.

Kisha nenda kwenye jumba la makumbusho la George Washington Carver, mwanasayansi Mweusi wa kilimo, lililo katika jengo ambalo zamani lilikuwa dobi la chuo. Carver alifika Tuskegee mwaka 1896, akakuta maabara haina kitu, akaokoteza chupa na mabati majalalani akatengeneza vifaa vyake. Watu humtaja kwa karanga, na ni kweli mwaka 1916 alichapisha kijitabu chenye njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Mimi mtoto wa Usukumani nilivutwa zaidi na viazi vitamu. Ngano ilipoadimika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Tuskegee walisaga unga wa viazi vitamu wakauchanganya kwenye mkate wa chuo. Na mwaka 1906 chuo kilianzisha gari la kukokotwa na wanyama lililozunguka vijijini likiwa na vifaa na mwalimu wa kuwafundisha wakulima papo hapo shambani. Bwana shamba, basi. Nilisimama mbele ya picha za gari lile nikamkumbuka bwana shamba wetu na baiskeli yake.

Siku moja darasani tulikuwa tunajadili ukaushaji wa mazao, nikanyoosha mkono nikaeleza michembe: kiazi kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa juani mpaka kinalia kama kijiti kikivunjwa, kinahifadhiwa mpaka miezi ya njaa. Nikaeleza na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Profesa aliacha alichokuwa anaandika ubaoni, akaniuliza unene wa vipande, siku za kuanika, namna ya kuhifadhi. Wiki iliyofuata nilikuwa maabara na trei mbili za viazi vya rangi ya chungwa, moja ya juani, moja ya kwenye oveni ya kukaushia, tukipima ni kiasi gani cha karotini, ile inayogeuka vitamini A mwilini, kinapotea katika kila njia. Ya juani ilipoteza zaidi, na ndiyo ukawa mradi wangu wa mwisho. Mama yangu hajui kusoma jina la kifaa tulichotumia, lakini maswali yote ya mradi ule yalianzia kwenye paa la jiko lake. Kwa hiyo usiyafiche ya kwenu ukidhani ni ushamba. Chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wakulima maskini kina masikio ya kusikia mambo hayo.

Sasa turudi kwa watu wenyewe. Wanafunzi wa Kiafrika tuna tabia ya kujikusanya: tunapika pamoja, tunasali pamoja, tunachekana kwa lugha zetu. Ni vizuri, utahitaji hiyo. Lakini ukiishia hapo utahitimu bila kujua ulikuwa wapi. Mwenzangu wa chumbani alinichukua kwao siku ya sikukuu ya Shukrani, kijijini, kwa bibi yake. Mezani kulikuwa na kunde, bamia, majani ya kijani yaliyopikwa taratibu na shingo ya bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi, na pai ya viazi vitamu. Bibi hakuniuliza nasoma nini. Aliniuliza: "Watu wako ni akina nani?" Nikamtajia ukoo, babu, kijiji, akawa anaitikia kwa kichwa kila jina, vilevile kama angefanya mzee wa kwetu. Kisha akanitajia wa kwake, mpaka akafika kwa babu wa babu aliyeuzwa kutoka Virginia, akanyamaza. Kabla ya hapo hakukuwa na jina.

Bibi yule ndiye aliyenisimulia kuhusu mwaka 1957. Bunge la Alabama lilichora upya mipaka ya mji wa Tuskegee, ukaacha kuwa mraba ukawa umbo la pande 28, ili karibu wapiga kura wote Weusi wajikute nje ya mji. Weusi wakagoma kununua kwenye maduka ya wazungu mjini. Mama yake alisafiri mpaka Montgomery kununua sukari na viatu. Mwalimu wa chuo, Charles Gomillion, akaenda mahakamani, na mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mipaka ile ilivunja katiba. Miaka michache baadaye, Januari 1966, mwanafunzi wa Tuskegee, Sammy Younge Jr., alipigwa risasi akafa katika kituo cha mafuta baada ya mzozo juu ya choo cha wazungu. Ukishayasikia haya kwa mtu aliyekuwepo, lile onyo la mjomba utalionea aibu. Watu unaoambiwa uwakimbie ndio waliolipa ili mtu wa rangi yako aweze kupanga foleni popote Alabama bila kuogopa.

Jifunze na kurasa nzito. Mwaka 1901 wataalamu kutoka Tuskegee walikwenda Togo kufundisha kilimo cha pamba kwa mwaliko wa Wajerumani, watawala walewale ambao kwetu walilazimisha watu kulima pamba mpaka Maji Maji ikalipuka mwaka 1905. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wa wilaya ya Tuskegee wenye kaswende bila kuwapa tiba, hata penisilini ilipopatikana. Nilipokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya lishe, wazee walinitazama kwanza karatasi zangu, halafu uso wangu. Nenda taratibu. Eleza unachofanya, acha mtu akatae, na ukirudi wiki ijayo rudi na majibu ya yule aliyekubali.

La mwisho ni Homecoming, wiki ya msimu wa vuli ambapo waliohitimu hurudi. Mchana wa mechi ya mpira wa Kimarekani, uwanja wote ni nyekundu na dhahabu, bendi inapita, moshi wa nyama uko kila hema. Wageni wengi hutazama bendi, wakapiga picha, wakarudi bwenini. Wewe ingia kwenye mahema. Wasalimie wazee kwanza, hasa waliokaa pembeni kwenye viti vya kukunja wakiwa na kofia za miaka waliyohitimu. Mama mmoja wa rika la bibi yangu alinikalisha, akanipakulia, akaniuliza nasomea nini, kisha akamwita kwa sauti mwanamume mmoja upande wa pili wa hema aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chakula huko Georgia. Mafunzo yangu ya vitendo ya kiangazi kilichofuata yalitoka kwenye sahani ile. Ukipewa namba ya simu hapo, piga wiki hiyohiyo, na ukipiga anza kwa kutaja jina la aliyekutambulisha.