Maswali ya Wasomaji: Admirali Farragut na Mabomu ya Mobile Bay

SWALI: Ndugu Mhariri, huku nasoma kwamba admirali wa kwanza wa Marekani mwenye asili ya Kihispania ni David Farragut, kule naambiwa ni Horacio Rivero. Tushike lipi?

JIBU: Farragut alitangulia, tena kwa karibu miaka mia. Baba yake, Jordi, alikuwa baharia wa kisiwa cha Menorca, Hispania, aliyehamia Marekani na kupigania uhuru wake. Mwana alizaliwa Tennessee mwaka 1801. Mama alipofariki kwa homa ya manjano mwaka 1808, ofisa wa majini David Porter alimchukua kumlea, na Desemba 1810, akiwa na miaka 9 tu, mtoto akaandikishwa kuwa ofisa mwanafunzi. Akiwa na miaka 12 alikabidhiwa meli iliyotekwa aifikishe Valparaíso. Jeshi la majini la Marekani halikuwa na admirali hata mmoja hadi Julai 1862. Farragut alikuwa wa kwanza kupanda ngazi hiyo, na Julai 1866 akawa admirali kamili. Rivero, mzaliwa wa Ponce, Puerto Rico, alipata nyota nne, yaani uadmirali kamili, mwaka 1964. Wanaomwita wa kwanza wanahesabu zama hizi.

SWALI: Tulifundishwa kwamba kwenye ghuba ya Mobile Bay, Alabama, mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, Farragut aliamuru meli zipite juu ya mabomu yaliyotegwa majini, liwalo na liwe. Je, hakuwa anacheza kamari na roho za watu?

JIBU: Hapana, na tunasikitika kwamba sentensi moja anayosemekana kuitamka, “Mabomu yalaaniwe, mbele kwa kasi yote!”, imefunika kazi yote ya maandalizi. Mazoea yake yalionekana tangu New Orleans, Aprili 1862. Kabla ya kupita ngome mbili usiku, mabaharia walining'iniza minyororo ya nanga ubavuni, usawa wa injini na boila, wakapaka tope nje ili meli zisionekane, na sitaha wakazipaka chokaa ili wapiga mizinga waone vifaa vyao gizani bila taa.

Mobile aliingia alfajiri ya Agosti 5 na manowari 18. Nne za chuma zilipita upande wa kulia, karibu na Fort Morgan, ngome ya adui, ziwakinge wenzao. Zile 14 za mbao zilifungwa mbili mbili: kubwa kulia, ikiikabili ngome, ndogo kushoto. Injini ya moja ikipigwa, mwenzake aivute. Alingoja pia maji yanayojaa, ili hata meli iliyolemaa isukumwe kuingia ghubani.

Kilichoharibika ni mstari. Njia salama ilikuwa nyembamba, mashariki ya boya lililoonyesha mpaka wa mabomu, chini kabisa ya mizinga ya ngome. Tecumseh, manowari ya chuma iliyoongoza, ilikatiza magharibi ya boya kuiwahi Tennessee, manowari ya chuma ya adui. Bomu likalipuka, na meli ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 90. Brooklyn, ya kwanza katika zile za mbao, ikasimama na kuanza kurudi nyuma, na zilizofuata zikasongamana mbele ya mizinga. Farragut alikuwa amekubali Brooklyn itangulie kwa kushawishiwa na wenzake. Kwa maoni yetu, huo ndio uamuzi uliomponza siku ile.

Yeye alikuwa juu ya mlingoti wa Hartford, meli yake mwenyewe ya uongozi, amefungwa kamba asianguke, kwa sababu moshi uliziba kila kitu chini. Kusimama pale kulimaanisha kupigwa meli moja baada ya nyingine. Na maofisa wake walikwisha kuchunguza eneo lile usiku: mabomu mengi yalikuwa yamekaa majini muda mrefu, na aliamini baruti yake imelowa. Akageuza kushoto, akaipita Brooklyn. Mabaharia walisikia mabomu yakikwaruza chini ya meli. Hakuna lililolipuka.

Zile kamba zilizofunga meli mbili mbili nazo zilifanya kazi yake. Oneida, ya mwisho katika msafara, ilipigwa boila, ikakosa nguvu. Galena, iliyofungwa nayo ubavuni, ikaivuta hadi ndani ya ghuba.