Mafuta yaliyo mwambani ni "akiba"?

Swali: Natafsiri habari kuhusu miamba ya sheli (kwa Kiingereza "shale") ya Green River, Marekani. Niliandika: "Kwa makisio ya wanajiolojia, sheli ya huko ina akiba ya mapipa trilioni 4.3 ya mafuta." Mhariri amekata "makisio" na "akiba". Kanionea?

Jibu: Hajakuonea. Akiba ni kitu ulichokwisha kukiweka, siku ya shida unakichukua. Ndiyo maana husemwa akiba haiozi. Mapipa hayo hayachukuliki hivyo. Kwanza, bado si mafuta: mwambani mna kerojeni, kitu kigumu kisichotoa mafuta mpaka kipashwe moto mkali. Pili, Idara ya Jiolojia ya Marekani ilipotaja trilioni hizo ilihesabu kilichomo ardhini tu, haikusema kiasi gani kinaweza kutolewa. Andika "rasilimali", au kwa lugha nyepesi, "kiasi kilichomo mwambani". Neno "akiba" libakize kwa sehemu inayochimbika kwa faida. Bei ikianguka, akiba hupungua ingawa mwamba uko palepale.

Na kukisia? Anayekisia huutazama mzigo akasema, "Huu kilo ishirini." Anayekadiria ana kipimo mkononi, hata kama jibu lake si kamili. Hapa kipimo kipo: kipande cha mwamba kutoka shimo la utafiti husagwa, gramu 100 zikatiwa katika chombo kilichofunikwa na kupashwa hadi nyuzi 500 za selisiasi, kisha mafuta yanayotoka yakapimwa. Matokeo ya mashimo mengi huunganishwa na unene wa tabaka na ukubwa wa eneo. Hayo ni makadirio.

Ukifika kwenye "ubora" wa mwamba, fafanua. Msomaji atadhani unasifu mafuta, kumbe wataalamu wanauliza tani moja inatoa mafuta kiasi gani. Si jambo dogo: ukihesabu tu mwamba unaotoa galoni 25 au zaidi kwa tani (kama lita 95), trilioni 4.3 zinabaki takriban bilioni 353. Mimi ningeandika "kiwango cha mafuta kwa tani".

Mhariri amekuachia "sheli", nami ningeikata pia. Mtaani sheli ni kituo cha mafuta, na msomaji wako ataona trilioni hizo ziko tayari kwenye pampu. "Mwamba wa kerojeni" inatosha.