Nilichora Tanga nzima kwenye gemu la vita, washkaji wakasusa

Siku ya kwanza tulikuwa wanne, laptopu nne juu ya meza ya chakula ya mama pale Ngamiani, yangu, ya mshkaji wa Chumbageni na za wadogo zetu wawili wa Makorora, na mimi nimevimba kichwa kweli kweli maana nilikesha wiki mbili nachora ramani ya Tanga. Tumeanza saa tatu usiku. Saa nne na nusu dogo mmoja kafunga laptopu yake kasema "kaka hili sio gemu, hii ni safari ya Korogwe kwa miguu". Na hakukosea, ndo maana naandika hapa ili we usirudie ujinga wangu.

Gemu lenyewe ni The Battle for Wesnoth. Ni la zamu, unasogeza watu wako wote, unamaliza, mwenzio naye anasogeza wake, ni la bure tangu David White alianzishe 2003 na leseni yake inaruhusu kukopi kumpa mwingine, kwa hiyo hamna haja kila mtu achome bando, mmoja ashushe wengine wachukue kwenye fleshi. Hapa angalia kitu kimoja tu, toleo. Mwenye 1.16 na mwenye 1.18 hawaingii seva moja, anakataliwa mlangoni, na sisi tulipoteza karibu saa nzima kwa sababu mmoja alikuja na la zamani kasema "si gemu ni lile lile".

Mtandao nao watu wanauogopa bure. Hamhitaji intaneti kama mko chumba kimoja. Mimi nawasha hotspoti ya simu, data nazima kabisa, laptopu zote zinaingia kwenye hotspoti hiyo, afu mmoja anahosti, yaani gemu linafunguliwa kwenye laptopu yake na wengine wanajiunga kwake. Mwenye kuhosti anafungua lile dirisha jeusi la Windows anaandika ipconfig, anasoma namba ya IPv4 (anwani ya laptopu yake kwenye mtandao) kwa sauti kama anasoma namba ya bahati nasibu, wengine wanaiandika pale pa kujiunga na seva, basi. Geti yake ya mtandao (port) ni 15000 na gemu linaijua lenyewe. Ukiona wenzio hawaingii na namba ni sahihi, rudi kwako we mwenye kuhosti, maana mara ya kwanza Windows inaulizaga kama iruhusu gemu lipokee watu, na mimi kwa haraka zangu nilibonyeza kataa. Ruhusu pote, mtandao wa nyumbani na wa nje, sababu hotspoti ya simu mara nyingi inahesabiwa ni ya nje.

Ila yote hayo ni dakika kumi. Kinachoua usiku wenu ni ramani.

Mimi nilitaka vita vya Tanga vya Novemba 1914. Nani kakulia hapa asiyeijua ile hadithi, Waingereza wanashuka Raskazone na wanajeshi kama 8,000 waliotoka India, Wajerumani na askari wao hawazidi sana 1,000, wengine wameletwa kwa treni kutoka Moshi, tarehe 4 wanapigana mpaka mjini, nyuki wanachachamaa wanauma kila mtu bila kuuliza uraia, na kesho yake Waingereza wanarudi melini wameacha silaha kibao. Nikasema hii ikiingia kwenye gemu washkaji watalia. Nikachora kila kitu: ghuba, kisiwa cha Toten, reli, mashamba ya mkonge, mpaka milima ya Usambara kwa mbali. Vipande 80 kwa 60. Kila kipande kina pembe sita na askari wa kawaida anasogea vipande vitano kwa zamu, na kwenye milima na misitu ndo anajikokota kabisa, sasa piga hesabu mwenyewe. Zamu ya kumi na moja hakuna aliyemwona adui. Watu wanasogeza tu, wanakunywa chai, wanasogeza.

Na bahari. Jamani bahari. Nilipaka maji ya kina kirefu ghuba nzima kwa sababu ndo ilivyo, kumbe kwenye gemu hili askari wa nchi kavu hapiti kina kirefu kabisa, na meli za kupandisha watu hamna. Kwa hiyo Toten kikawa pambo tu, hakifikiki, isipokuwa dogo mmoja alichagua yale majoka yanayoruka, akaenda zake kisiwani akakaa peke yake anatucheka. Sa hivi ghuba naichora kama maji yamekupwa, kina kifupi na miamba miamba. Hapo watu wanapita lakini kwa shida, kwenye kina kifupi binadamu anakwepa asilimia 20 tu, yaani pigo likija asilimia 80 linampata, kwenye mwamba anakwepa 30, na wale watu samaki ndo mahali pao pa kujidai. Kisiwa kikawa na maana, unakitaka lakini unaogopa kukiendea.

Kosa lililonitia aibu zaidi ni ngome. Jemadari wako anaajiri askari akiwa amesimama kwenye ngome tu, na wanatokea kwenye vile vipande vya ua vinavyoizunguka. Mimi Mwingereza wangu nilimweka ufukweni mchangani, ndo ameshuka melini si ndio, pazuri kwa macho. Gemu limeanza, ana dhahabu 100 mfukoni na hawezi kuajiri hata mtu mmoja. Tumefunga, nimerekebisha, tumeanza upya, chai imepoa.

Afu vijiji, na hapa nakaa kidogo maana ndo roho ya ramani. Kwa mpangilio wa kawaida wa kucheza wengi kijiji kimoja kinakupa dhahabu 2 kila zamu, juu ya 2 ambazo kila mtu anapata bure, na aliyeumia akilala kijijini anapona pointi 8. Tena kila kijiji kinabeba gharama ya kumlisha askari mmoja wa ngazi ya kwanza. Mimi kwa ukweli wangu wa jiografia nikasema nyumba ziko Ngamiani, basi vijiji nikavirundika Ngamiani, na Raskazone nikaweka vichache. Aliyeanzia Ngamiani kwenye ramani akashika vijiji 11, wa Raskazone 4. Huyu anaingiza 24 kwa zamu, yule 10. Mpiga mkuki ni dhahabu 14. Mmoja anakaribia kununua wawili kila zamu, mwenzie akinunua mmoja inabidi asubiri. Hapo hata uwe hodari vipi utafia ufukweni, na nyuki wenyewe sikuwaweka (dogo aliuliza nyuki wako wapi, inataka uandike msimbo wa kompyuta kidogo, nikajifanya sijasikia).

Baba mdogo alikuwa kakaa kibarazani anacheza bao na mwenzie, akaingia kuchukua maji akachungulia, akauliza "mbona huyu ana kete nyingi?" Nikamweleza historia, Wajerumani, Waingereza, nyumba za Ngamiani. Akaniangalia. "Bao lina kete 64 na kila mtu ana mashimo 16 upande wake. Nyie mnacheza ama mnasomeshana?" Akaondoka na maji yake.

Kesho yake nikafuta karibu yote. Ramani mpya ni 36 kwa 28. Nimechora nusu moja tu vizuri, nikaigeuza kupata nusu ya pili, afu ndo nikaipaka Utanga juu yake: ghuba katikati, Toten kina kijiji kimoja cha kugombania, reli ni barabara tupu ambayo kila kipande kinakula hatua moja kwa hiyo watu wanakimbia, mkonge pembeni. Kila mtu ana vijiji saba na kile cha kisiwani ni cha mwenye nguvu. Historia imepinda, najua, lakini mtu wa Tanga akiiona anacheka anasema hapo Raskazone, na inamtosha.

Bado kukawa na kitu kimoja kilinisumbua, mwenye mazimwi na maiti alikuwa anashinda tu. Nikaja kugundua ni saa. Gemu lina mzunguko wa zamu sita, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, afu usiku zamu mbili, na hawa watu wa giza usiku wanapiga kwa asilimia 25 zaidi wakati askari waadilifu wanapungukiwa hivyo hivyo. Ramani yangu watu walikuwa wanakutana zamu ya tano kila siku. Usiku kila siku! Na mimi ndo nilizima ile alama ya kuanza saa yoyote kwa kubahatisha, nikidhani ni pambo. Iache iwe imewashwa.

Sasa kabla sijaita mtu naicheza peke yangu pande zote mbili kwenye laptopu moja, zamu kumi tu. Wenzio hawahitaji faili la ramani, anayehosti akianzisha linaenda kwao lenyewe, ila kama kuna viongezeo mmeshusha hakikisha vinafanana kwa wote, la sivyo gemu zinaanza kupishana katikati na hapo hamna dawa. Weka na kipima muda. Nampenda mshkaji wa Chumbageni kama ndugu lakini yule bila kipima muda anafikiria zamu moja mpaka muadhini anaadhini. Ukungu wa kuficha adui uzime mechi ya kwanza, watu wazoee.

Na umeme ukikatika msipigane, gemu linajihifadhi kila zamu na hata waliojiunga wanabaki na nakala kwenye laptopu zao. Wiki iliyopita betri ya anayehosti ilikufa katikati ya shambulio la Toten, mwingine akafungua nakala yake akahosti yeye, tukaendelea kwa mwanga wa tochi ya simu.

Ijumaa tunajaribu ya watu wanne, nimeisogeza mpaka Muheza na mto Zigi. Imebaki vijiji viwili upande wa Pongwe sijui niviweke wapi, maana kila nikiviweka mmoja wao anafika zamu moja mapema.