Mbwa kupiga miayo si usingizi

Mei 2021, siku zile baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ya Goma ilitetemeka mchana na usiku. Bobi, mbwa wetu, alishinda akipiga miayo. Nikamcheka: sisi macho makavu kwa hofu, huyu anasinzia! Kumbe alikuwa anaogopa kuliko sisi.

Mwayo usio wa usingizi ni alama ya kwanza. Kuna kulamba midomo bila chakula, kuhema ulimi nje asubuhi yenye baridi, mkia kubana tumboni, na kugeuza kichwa huku jicho likikutazama upembeni mpaka weupe unaonekana. Mkia nao hudanganya. Ukisimama wima, umekakamaa, unatikisika haraka haraka, hiyo si furaha.

Kosa langu kubwa lilikuwa fimbo. Mtoto wa dada yangu alimfuata Bobi chini ya meza alikojificha; Bobi akanguruma, nami nikampiga. Kweli, akaacha kunguruma. Wiki mbili baadaye mtoto akamvuta mkia, Bobi akamuuma kimya kimya. Onyo nilikuwa nimemfutia mwenyewe. Tuliosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio kituo cha afya kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo usilingoje, hata kama mbwa ni wako.

Siku hizi akinguruma, mtoto anasema "Bobi amekataa" na kuondoka. Radi au risasi zikisikika, nafunga madirisha, nafungulia redio, namwacha kwenye kona yake nyuma ya jiko. Simburuti atoke. Nakaa ubavuni pake bila kumkodolea macho. Akija mwenyewe namkuna kifuani, si kichwani. Wazee wa mtaa wananiambia namdekeza. Hofu haidekezwi, wazee wangu.

Ila mbwa akibadilika tabia ghafla, anatokwa mate mengi na kushindwa kumeza, usimguse: mfungie mbali, uite veterineri. Na kwa wenzangu wa njia ya Sake: ukimwona mbwa wako anayumba au amelala kwenye shimo la mawe ya volkano, huenda ni mazuku, hewa ya sumu itokayo ardhini. Hewa hiyo ni nzito, hujikusanya chini, na pua ya mbwa iko chini kuliko yako. Mwite ukiwa juu. Usishuke kumbeba.