Nguzo nene hazimalizi kazi ya upepo

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina kiwanja Shangani, Mtwara, msingi wa ghorofa 2 umeshamwagwa. Fundi anasema tukinenepesha nguzo na kuongeza nondo tutafika ghorofa 8. Ngazi na lifti tutaziweka kona ya nyuma, upande wa bahari uwe kioo kitupu. Kuna ubaya?

Jibu: Marahaba. Upo. Kwamba msingi wa 2 haubebi 8 naamini unalijua, ndiyo maana umeuliza. Kinachonikera ni hiyo imani ya kwamba jengo refu ni jengo fupi lililoshindiliwa nondo. Uzito unashuka chini, upepo unakuja ubavuni. Urefu ukiongezeka mara 2, nguvu ya kulipindua jengo pale chini inafika mara 4 au zaidi. Hapo kubwa ni nguzo na kuta zimepangwa wapi, unene unafuata baadaye.

Fazlur Khan, mhandisi mzaliwa wa Dhaka, alilifanyia kazi hilo miaka ya 1960: nguzo akazisogeza nje, akazifunga pamoja, jengo likawa kama mwanzi. Empire State, jengo refu la New York la 1931, lilikula chuma kilo 206 hivi kwa kila mita ya mraba ya sakafu. John Hancock ya Chicago, ghorofa 100, aliyoipigia hesabu yeye, ilikula kama 145. Chuma kidogo, jengo gumu! Burj Khalifa ya Dubai nayo, mita 828, ina kiini cha kuta za zege katikati na mabawa matatu yanayokiegemeza, na umbo lake hubadilika kadiri linavyopanda ili upepo usipate mdundo wa kulitikisa.

Sasa lako. Kuta ngumu za lifti zikikaa kona moja na kwingine kioo, upepo hautalisukuma tu jengo, utalisokota. Zilete katikati. Pwani hii si ya kufanyia majaribio: Lindi ilipigwa na kimbunga 1952, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma.

Wanaonimaliza ni vishoka. Ramani wanaitoa kwenye simu, wanabadilisha jina la mwenye kiwanja, wanaazima muhuri. Udongo haujapimwa, nondo zinakatwa. Wengine ni mafundi hodari wa zege kabisa, lakini hesabu si kazi yao. Hiyo ni ya mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, tena asaini kwa jina lake. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, watu wakafa. Bado naambiwa, "Mbona tulijenga hivi Masasi na lipo?" Masasi kuna bahari gani?